Les Eyzies, kijiji cha mapango katika bonde la Vézère: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kwa miaka kadhaa kutoka kwa ndugu, marafiki na wasafiri waliosikia kwamba kuna kijiji Ufaransa ambako nyumba zimebanana chini ya jabali na msitu umekaa juu yake kama kofia. Mengi yanarudiwa yaleyale, mengine yaliulizwa mara moja tu lakini yakawa mazuri mno kuyaacha. Pale jibu linapogusana na jingine, utaelekezwa.

## Mambo ya mwanzo

Les Eyzies iko wapi hasa?

Kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika mkoa wa Dordogne, eneo ambalo wenyeji bado wanaliita kwa jina lake la zamani, Périgord. Kijiji kiko ukingoni mwa mto Vézère, pale kijito cha Beune kinapoingia. Mji wa Périgueux, makao makuu ya mkoa, uko kilomita kama 45 upande wa kaskazini-magharibi, na Sarlat, mji wa mawe ya rangi ya asali unaopendwa na watalii, uko kilomita kama 20 upande wa mashariki.

Mto wenyewe unaanzia uwanda wa juu wa Millevaches, unateremka zaidi ya kilomita 200, kisha unajimwaga katika mto Dordogne pale Limeuil. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Dordogne", muulize kwanza: mto au mkoa?

Jina linatamkwaje?

Sema "Lezezi" na utaeleweka. Ile *s* ya mwisho haisemwi. Kwenye ramani za zamani utaona Les Eyzies-de-Tayac-Sireuil. Ni palepale. Mwanzoni mwa 2019 komuni hiyo iliunganishwa na majirani zake wawili, Manaurie na Saint-Cirq, na jina likafupishwa.

Ni kijiji kweli, au ni mji mdogo unaojifanya kijiji?

Ni kijiji. Komuni nzima, pamoja na vitongoji vyake, ina watu wapatao elfu moja. Barabara kuu ni moja, inapita chini ya jabali, na ukitembea bila haraka umeimaliza kabla mazungumzo hayajakolea. Baadhi ya nyumba hazina ukuta wa nyuma: jabali ndilo ukuta. Kuna kanisa la karne ya 12 pale Tayac, lililojengwa kama ngome, kwa sababu enzi hizo mtu aliomba Mungu huku akiangalia mlangoni.

Kwa nini kijiji kidogo hivi kinajiita mji mkuu wa dunia wa historia ya kale?

Ni majigambo, lakini yana msingi. Ndani ya kilomita chache kutoka kituo cha treni kuna makazi ya watu wa kale mengi kiasi kwamba baadhi ya majina ya zama za mawe yanayofundishwa vyuoni duniani kote ni majina ya vitongoji vya hapa. Zama za Magdaleni zimeitwa kwa La Madeleine, upenu wa mwamba ulio juu kidogo ya mto. Utamaduni wa Musteri, ule wa Waneandathali, aina nyingine ya binadamu wa kale iliyotoweka, umeitwa kwa kitongoji cha Le Moustier. Mwaka 1979 UNESCO iliweka maeneo 15 ya bonde hili kwenye orodha ya urithi wa dunia, na Les Eyzies ndiyo yenye sehemu kubwa ya maeneo hayo.

Kwa nini hapa, na si bonde jingine?

Sababu ya kwanza ni jiwe. Majabali ya hapa ni ya chokaa. Kwa maelfu ya miaka barafu ilipenya kwenye matabaka laini, ikayala, na tabaka gumu la juu likabaki limetokeza kama upenu wa nyumba. Wafaransa huuita upenu huo *abri*. Ukiwa umeelekea kusini, unakinga mvua na upepo huku ukiingiza jua la majira ya baridi. Ni nyumba iliyokwisha kujengwa, kilichobaki ni kutundika ngozi mbele yake.

Sababu ya pili ni jiwe gumegume, ambalo linapatikana kwa wingi ndani ya chokaa hii, na ndilo lililokuwa kisu, shoka na patasi. Ya tatu ni mto: maji, samaki, na vivuko ambavyo makundi ya wanyama yalilazimika kuvipitia. Ya nne ni hali ya chokaa yenyewe, kwamba inatunza mifupa. Huenda watu waliishi vilevile katika mabonde mengine yenye udongo wa tindikali, ila huko mifupa iliyeyuka na hakuna wa kutusimulia.

## Msitu na mto

Périgord Noir, yaani Périgord "Nyeusi", ni kwa sababu ya nini?

Ni kwa sababu ya msitu. Upande huu wa mkoa umefunikwa na miti ya mialoni, pamoja na aina ya mwaloni usiopukutisha majani hata Januari, wenye kijani kilichokolea hadi kinakaribia weusi ukiutazama kutoka mbali. Kuna pia michesnati mingi, ambayo matunda yake yaliwahi kuwa chakula cha maskini, na bondeni kuna mashamba ya jozi yaliyopandwa kwa mistari.

Basi wale wachoraji wa mapangoni waliishi katika msitu huu?

Hapana, na hili ndilo jibu linaloshangaza wengi kuliko yote. Walipochora, dunia ilikuwa katika kipindi cha barafu. Hapakuwa na msitu wa kukutia kivuli. Bonde lilikuwa wazi, nyasi fupi na vichaka, huku miti michache ikijificha pembezoni mwa maji. Kulungu wa nchi za barafu walipita kwa makundi, na pamoja nao farasi, baisani (ng'ombe mwitu mwenye nundu) na mamothi, yaani tembo wa kale mwenye manyoya.

Kwa hiyo mgeni anayesimama leo kwenye daraja la Vézère, akaona kijani kila upande na kusema "sasa naelewa walivyoishi", anaelewa kinyume. Ili kupata taswira yao, ng'oa msitu wote akilini mwako, shusha joto, weka upepo. Mkazi wa Afrika Mashariki pengine ana nafasi nzuri zaidi ya kuelewa kuliko Mparisi: fikiria uwanda wenye makundi ya nyumbu wanaohama, halafu ugeuze jua liwe baridi kali. Msitu ulikuja baadaye, barafu ilipoyeyuka kama miaka 12,000 iliyopita. Kulungu wale wakahamia kaskazini, na uchoraji wa mapangoni ukaisha.

Naweza kuingia msituni kuchuma uyoga?

Uliza kwanza msitu ni wa nani. Karibu misitu yote ya Dordogne ni mali ya watu binafsi, na sheria ya Ufaransa inamhesabu mwenye ardhi kuwa ndiye mwenye uyoga. Wakati wa vuli, uyoga uitwao *cèpe* unapochipua, wenyeji ambao mwaka mzima wanakusalimu kwa tabasamu huwa wagumu kidogo. Hakuna anayemwambia mwenzake sehemu yake ilipo, hata shemeji. Uyoga mweusi wa chini ya ardhi, *truffe*, huo hata usiufikirie: unatafutwa kwa mbwa aliyefunzwa na unauzwa kwa gramu kama dhahabu.

Mto una hatari? Watu wanaogelea?

Kiangazi Vézère hutulia, na burudani kubwa ni kukodi mtumbwi wa plastiki, kupelekwa juu kwa gari na kuteremka polepole na maji. Ni njia nzuri kuliko zote ya kuona majabali, kwa sababu barabara mara nyingi hupita chini yake mno. Majira ya baridi na mvua, mto hupanda na kubadilika rangi, na hapo hakuna mtu mwenye akili anayeingia.

## Watu wa kale

Huyu Cro-Magnon ni nani?

Si mtu mmoja, na jina halikuwa lake. *Cro* ni tundu kwa Kioksitani, lugha ya asili ya sehemu hizi, na Magnon linatokana na jina la mwenye eneo. Yaani "tundu la kwa fulani", ndivyo dunia nzima ilivyokuja kumwita babu wa kale.

Reli ilifika Les Eyzies mwaka 1863. Miaka mitano baadaye, mwaka 1868, vibarua waliokuwa wakichimba kifusi kwa ajili ya barabara karibu na kituo walikuta mifupa chini ya upenu wa mwamba. Mwanajiolojia Louis Lartet akatumwa kuchunguza. Alikuta mabaki ya watu wazima wasiopungua wanne na mtoto mchanga, pamoja na mamia ya simbi za baharini zilizotobolewa ili zivaliwe. Vipimo vya baadaye vinaiweka mifupa hiyo miaka 30,000 na kidogo nyuma.

Zile simbi zinanigusa kuliko mifupa. Bahari ya Atlantiki iko mbali na hapa, na wakati wa barafu, maji yalipokuwa yameshuka, ilikuwa mbali zaidi. Mtu aliziokota pwani, akazibeba au akazibadilisha mkono kwa mkono hadi zikafika bara, kisha zikazikwa na wenyewe. Sisi tuliozaliwa pwani tunaijua biashara ya namna hiyo.

Walikuwa Wazungu?

Swali hili huulizwa kwa mzaha, lakini jibu lake si la mzaha. Walikuwa binadamu kama wewe na mimi, *Homo sapiens*, spishi iliyotokea Afrika kama miaka 300,000 iliyopita na ambayo ilianza kuenea Ulaya miaka kama 45,000 iliyopita. Rangi ya ngozi ya wale waliozikwa Cro-Magnon kwenyewe haijulikani kutokana na mifupa. Lakini vinasaba vya wawindaji walioishi Ulaya Magharibi baadaye sana, miaka 10,000 hadi 7,000 iliyopita, vinaonyesha watu wenye ngozi iliyokolea weusi. Weupe tunaouhusisha na Ulaya ulienea kwa kuchelewa, kwa sehemu kubwa pamoja na wakulima waliohamia kutoka upande wa Uturuki ya leo.

Karne ya 19 haikujua hayo. Mabango na sanamu za zamani zilimchora Cro-Magnon kama mkulima wa Kifaransa aliyekosa kinyozi. Sanamu maarufu iliyo kwenye baraza la mwamba juu ya kijiji, iliyochongwa na Paul Dardé na kuwekwa mwaka 1931, ilikosea kwa namna nyingine: inaonyesha kiumbe mzito, aliyeinama, mikono ikining'inia. Wataalamu hawamtambui. Wanakijiji wanampenda hivyohivyo.

Fuvu lenyewe nitaliona kijijini?

Hapana. Liko Paris, Musée de l'Homme. Kijijini utaona mahali lilipotoka, na hoteli iliyobeba jina. Malalamiko ya namna hii yana historia ndefu hapa. Tazama swali la samaki, chini.

Je, waliishi ndani kabisa ya mapango?

Kwa kawaida hapana. Waliishi chini ya penu za mwamba na kwenye midomo ya mapango, palipo na mwanga, au katika mahema kwenye uwanja wazi. Ndani gizani waliingia kwa kazi maalumu, wakiwa na taa za jiwe zilizochomwa mafuta ya wanyama, wakachora, wakatoka. Kwa nini hasa, kila mtaalamu ana yake. Ukimsikia mwongozaji anakupa jibu moja kwa uhakika wote, msikilize kwa adabu tu.

Laugerie Haute na Laugerie Basse, mwendo mfupi kutoka kijijini ukifuata mto kwenda juu, zinaonyesha maisha ya upenuni vizuri zaidi kuliko pango lolote. Tabaka juu ya tabaka la majivu, mifupa na vipande vya gumegume, maelfu ya miaka yamelaliana kama chapati.

Na Waneandathali?

Walikuwepo kabla. Mwaka 1908 mifupa ya kijana wao ilifukuliwa Le Moustier na mfanyabiashara wa Kiswisi, Otto Hauser, ambaye aliiuza Berlin. Mwaka 1914 Denis Peyrony, mwalimu wa shule wa kijijini, alikuta hapohapo Le Moustier mifupa ya mtoto mchanga wa Kineandathali. Huyu mtoto baadaye akapotea. Watu walidhani amepelekwa Paris, wakakata tamaa. Mwaka 1996 alipatikana: alikuwa ndani ya jumba la makumbusho la Les Eyzies muda wote, kwenye vifaa vilivyohifadhiwa stoo.

## Mapango na michoro

Lascaux iko Les Eyzies?

La. Lascaux, pango maarufu la michoro, iko Montignac, juu zaidi ya mto, kilomita kama 25. Iligunduliwa Septemba 1940 na vijana wanne, ikafungwa kwa umma mwaka 1963 kwa sababu pumzi na joto la wageni vilikuwa vinaotesha mwani wa kijani ukutani. Unachotembelea leo ni nakala. Ya kwanza ilifunguliwa 1983, na ile kubwa, iitwayo Lascaux IV, mwisho wa 2016. Ni kazi nzuri sana. Lakini ni nakala.

Basi michoro halisi naiona wapi?

Hapa Les Eyzies, na ndiyo sababu nawaambia watu wasiishie Montignac. Font-de-Gaume, kilomita moja tu kutoka kijijini, ni pango halisi lenye michoro halisi ya rangi kadhaa, na bado linapokea wageni. Kuna picha zaidi ya 200, baisani wakiwa wengi kuliko wote, kwa rangi nyeusi, nyekundu na kahawia zilizotokana na madini na udongo. Zilichorwa zama za Magdaleni, yaani kati ya miaka 17,000 na 12,000 hivi iliyopita. Kuna kulungu dume aliyeinama kumramba jike usoni. Rangi imefifia, hukioni kitu mpaka mwongozaji apitishe tochi kwa ubavu, na hapo mgongo wa mnyama unatokeza kwenye uvimbe wa jiwe. Mchoraji aliliona tumbo la mnyama kwenye mwamba kabla hajaweka rangi.

Kuna tofauti gani kati ya Font-de-Gaume na Combarelles?

Font-de-Gaume ni rangi, Combarelles ni mikwaruzo. Yote mawili yalitambuliwa kitaalamu Septemba 1901, kwa tofauti ya siku chache. Combarelles, kilomita kama mbili mbele kwenye barabara ya Sarlat, ni ujia mwembamba, mrefu, wenye michongo ya mamia kwa mamia: farasi, dubu, simba, mamothi, mistari juu ya mistari. Mwenye hofu ya mahali pembamba asiende. Asiyekuwa nayo, kama muda unamtosha pango moja tu, mimi ningempeleka Combarelles, ingawa wengi watanibishia.

Kwa nini tiketi ni chache hivyo, na kamera zinakatazwa?

Kwa sababu ya yaliyoipata Lascaux. Idadi ya watu kwa siku imewekwa chini ili hewa ya pangoni isibadilike, na makundi ni madogo. Weka nafasi mapema, hasa kwa Julai na Agosti. Mabegi yanabaki nje, picha hakuna, mkono ukutani ni marufuku kabisa. Wanakijiji wa zamani waliingia Font-de-Gaume wapendavyo kabla mtu hajatambua thamani yake, na wengine waliacha majina yao juu ya baisani. Utayaona.

Ni kweli kuna samaki aliyekaribia kuuzwa Berlin?

Kweli tupu. Katika kijibonde kiitwacho Gorge d'Enfer kuna upenu mdogo, Abri du Poisson, ambao dari yake imechongwa samaki aina ya salmoni, urefu wa mita moja hivi. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 25,000. Alionekana mwaka 1912, na bila kuchelewa mipango ikaanza ya kumkata kutoka kwenye mwamba apelekwe makumbusho ya Berlin. Patasi zilikwisha anza. Ukiingia leo utaona mfereji wa mstatili na matundu ya keekee yakimzunguka samaki pande zote, kama fremu. Serikali ya Ufaransa ikaingilia kati, upenu ukawekwa chini ya ulinzi, samaki akabaki.

Nikiwapeleka watu kutoka kwetu pale, huwa nawakumbusha tarehe. Kati ya 1909 na 1913, miaka ileile, Wajerumani walikuwa wakichimba mifupa ya dinosaria pale Tendaguru, Lindi. Mamia ya vibarua chini ya msimamizi Boheti bin Amrani walichimba, na wapagazi wakabeba kichwani, siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini. Zaidi ya tani 200 zilipakiwa melini. Yule dinosaria mkubwa mwenye shingo ndefu amesimama Berlin mpaka leo. Les Eyzies kulikuwa na sheria ya kuitwa, na mwalimu wa shule ya msingi, Denis Peyrony, aliyejua ofisi ipi ya kuiandikia barua kuhusu mambo ya kale ya bonde lake. Lindi ilikuwa koloni.

Jumba la makumbusho lina kitu gani cha kukosesha usingizi?

Peyrony huyohuyo ndiye aliyelianzisha, katika magofu ya ngome ya kijiji ambayo serikali iliyanunua mwaka 1913. Jengo jipya, kazi ya msanifu Jean-Pierre Buffi, lilifunguliwa 2004, likiwa limebanwa kwenye jabali kana kwamba nalo ni upenu. Mtafute baisani wa La Madeleine, aliyechongwa kwenye kipande cha pembe ya kulungu, sentimita kama kumi tu, amegeuza kichwa kujiramba ubavuni. Pembe haikuwa na nafasi ya kichwa, ndipo fundi akakigeuza nyuma. Nje ya Julai na Agosti jumba hufungwa Jumanne, na kila mwaka kuna mgeni wangu mmoja anayefika Jumanne.

## Safari yenyewe

Nahitaji viza?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Ombi linaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari. Usingoje wiki ya mwisho. Ukiwa na viza au kibali cha nchi nyingine ya Schengen, hakuna cha ziada.

Nafikaje bila gari?

Treni ipo, na kituo kiko kijijini, karibu na pale mifupa ilipofukuliwa. Kutoka Paris unaweza kupitia Limoges na Périgueux, au kushika treni ya kasi hadi Bordeaux, saa mbili na kidogo, kisha kubadilisha. Kipande cha mwisho kutoka Périgueux ni nusu saa hivi. Angalia ratiba kwa makini, kwa sababu treni kwa siku si nyingi na Jumapili ni chache zaidi. Mtu aliyeniambia "nitafika tu" alilala Périgueux.

Kijijini, mambo mengi ni ya miguu au baiskeli. Kwa Montignac na vijiji vya mbali, gari linasaidia.

Wakati gani mzuri?

Mei, Juni na Septemba. Agosti nafasi ya kuegesha gari ni ndoto, na Januari nusu ya milango imefungwa.

Chakula cha huko kikoje, na Mwislamu atakula nini?

Hapa ni nchi ya bata. Bata aliyehifadhiwa kwenye mafuta yake, maini ya bata, viazi vilivyokaangwa kwa mafuta ya bata. Hata saladi huja na vipande vya firigisi. Nyama ya kuchinjwa kihalali kijijini usitarajie. Ulizia kila mara mafuta yaliyotumika, kwa sababu viazi vinavyoonekana havina hatia huenda vimekaangwa kwa mafuta ya bata au ya nguruwe. Kinachobaki ni kingi: samaki, mayai, uyoga, jibini ya mbuzi, mkate, jozi na mafuta yake, na stroberi za majira ya machipuko. Soko la Sarlat, Jumatano na Jumamosi, linatosha kumlisha mtu wiki nzima.

Sijui Kifaransa. Nitafaa?

Utafaa. Dordogne ina Waingereza wengi waliohamia, na ziara za Kiingereza zipo kwa saa maalumu. Lakini anza kila jambo kwa *bonjour*. Kuingia dukani ukauliza bei bila salamu ni sawa na kumpita mzee barazani bila shikamoo: utahudumiwa, na utasemwa. Mkongomani au Mrundi anayejua Kifaransa atashangaa jinsi watu wanavyofunguka akikaa kidogo.

Mama yangu ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Aje?

Aje, ila achague. Njia ya kupanda Font-de-Gaume ni fupi lakini ina mwinuko. Jumba la makumbusho na kituo cha maelezo cha kijiji, ambacho hakina kiingilio, vinafikika kwa urahisi. La Roque Saint-Christophe, jabali lenye urefu wa karibu kilomita moja ambalo watu wa zama za kati waliishi tumboni mwake, lina ngazi zinazohitaji magoti mazima. Huko mwache anywe kahawa chini, kando ya mto.

## Maswali ya pembeni

Nikiokota kipande cha gumegume njiani, nikiweke mfukoni?

Kiache. Kuchimba bila kibali kumekatazwa na sheria tangu 1941, na kuokota bila ruhusa kwenye shamba la mtu ni kuchukua chake (rudia swali la uyoga). Tena jiwe likitolewa mahali pake halisemi tena kitu. Maduka yanauza mawe mapya yaliyochongwa na mafundi wa leo kwa ustadi uleule wa kale.

Kwa nini nije huku wakati Kondoa tunayo?

Nenda Kondoa kwanza, kwa kweli. Michoro ya Kolo iliingia urithi wa dunia mwaka 2006, na Watanzania wengi wanaoniuliza habari za Les Eyzies hawajaiona. Tofauti utakayoiona ni kwamba kule picha ziko penuni, kwenye mwanga, juani na upeponi. Hapa nyingi ziko gizani. Tena za hapa hazina mrithi: hakuna mzee wa kijijini awezaye kusema bibi yake alimsimulia, ilhali Kondoa kuna penu ambazo watu bado wanakwenda kufanyia matambiko.

Kuna uhusiano wowote wa kweli kati ya kijiji hiki na Afrika Mashariki?

Upo mmoja, na ulianzia kwenye lundo la kifusi. Mwaka 1925 familia moja ya Kiingereza ilipanga Les Eyzies. Baba alikuwa mchoraji, na binti yao alikuwa na miaka 12. Élie Peyrony, mwana wa Denis, alikuwa akichimba pango mojawapo, na kwa uchimbaji wa siku hizo vitu vidogo vingi vilitupwa pamoja na udongo. Binti akaomba ruhusa ya kupekua kilichotupwa. Akaruhusiwa, akaanza kukusanya vipande vya gumegume na kuvipanga kwa namna alivyoona vinafanana.

Aliitwa Mary Nicol. Baadaye alijulikana kwa jina la ndoa, Mary Leakey. Mwaka 1951 alikuwa Kondoa akinakili michoro ya miambani. Mwaka 1959 alikuwa Olduvai pale alipoliona fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu walilolipa jina la Zinjanthropus, na mwishoni mwa miaka ya 1970 timu yake ikafukua nyayo za Laetoli, zenye umri wa zaidi ya miaka milioni tatu na nusu.

Lile lundo la kifusi bado lipo?

Kila mara naulizwa hili baada ya jibu la juu, na kila mara lazima niseme tena: tazama swali la kuokota mawe.